Jichore mwenyewe kwa mkaa ukimfuata Edward Hopper: kioo kimoja, taa moja na uvumilivu

Edward Hopper, mchoraji wa Marekani, wengi tunamjua kwa ile picha yake Nighthawks, mgahawa wa usiku, watu wanne nyuma ya kioo na barabarani hakuna hata paka. Hiyo ni ya 1942. Sasa rudi nyuma karibu miaka 40 utamkuta kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, mrefu kupita kiasi, anajichora sura yake kwa mkaa pale New York. Skechi moja ya kipindi hicho, ya 1903, ipo National Portrait Gallery kule Washington, na mtu akiniuliza ajifunzeje kuchora uso huwa namwambia aitafute kwenye simu aitazame vizuri kwanza kabla hajashika chochote. Maana ukiitazama kwa makini huoni mistari ya macho na pua na mdomo kama tulivyokuwa tunachora shuleni, unaona vipande vya giza na vipande vya mwanga vimekaa mahali pake, basi, halafu jicho lako ndo linamalizia kazi. Na haya maelezo yote yanazunguka hapohapo: uso unajengwa na kivuli, mistari inakuja baadaye na mara nyingi wala haihitajiki sana.

Kwanini Hopper na sio mwingine? Alizaliwa 1882 Nyack, mji mdogo kando ya mto Hudson, juu kidogo ya New York. Wazazi hawakumkataza kuchora ila walitaka asomee kitu cha kuleta hela, ndo akaanza na masomo ya kuchora vielelezo vya magazeti na matangazo, halafu mwaka 1900 akahamia New York School of Art. Pale akafundishwa na William Merritt Chase na baadaye Robert Henri, darasani wakiwemo kina George Bellows na Rockwell Kent, nao walikuja kuwa wachoraji wanaojulikana. Henri alikuwa hataki mambo ya malaika na miungu ya Wagiriki, aliwataka vijana wachore watu na mitaa wanayoiona kwa macho yao, na rangi za darasa lake zilikuwa nzito, nyeusi nyeusi na kahawia, ndo maana zile picha za Hopper za mwanzo za kujichora zinatoka gizani, upande mmoja wa uso unaonekana na mwingine umezama. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni zawadi, kwa sababu giza linakufichia nusu ya kazi.

Na kujichora kwenyewe hakuhitaji falsafa yoyote. Modeli analipwa, kioo hakilipwi, na mtu wa kwenye kioo hachelewi kuja, haombi mapumziko wala hasemi umemchora vibaya.

Vitu vya kuwa navyo

Karatasi kwanza. Usitumie ile laini inayong'aa ya printa, mkaa unateleza haushiki. Tafuta yenye ukwaruzo kidogo, karatasi ya kuchorea ya A3 ukiipata ni sawa kabisa, manila nayo inafaa, na ile kaki ya kufunikia madaftari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, nitaieleza chini. Ibandike kwenye kipande cha plaiwudi au kava gumu kwa tepu ya karatasi ili isicheze.

Mkaa wenyewe unauzwa maduka ya vifaa vya sanaa, kuna wa vijiti vilivyochomwa hivihivi na kuna uliosagwa ukashindiliwa. Wa vijiti ni mwepesi, unafutika kirahisi, ndo wa kuanzia. Ulioshindiliwa ni mweusi tiii na ukishaingia kwenye karatasi hautoki, huo uweke mbali mpaka mwisho. Kama duka liko mbali tengeneza mwenyewe: chukua vijiti laini vilivyonyooka, unene wa penseli au chini ya hapo, vimenye maganda, vikaushe, vipange vibanane kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu moja dogo kwenye mfuniko, weka kopo kwenye moto wa jiko. Moshi utatoka kwa lile tundu, ukikata kabisa ndo vimeiva, toa kopo uliache lipoe lenyewe. Usifungue likiwa na moto, hewa ikiingia vinawaka na utabaki na majivu. Mkaa wa kupikia haufai, mgumu na unachana karatasi.

Raba unahitaji ya aina mbili, ya kawaida ya shule na ile laini ya kukanda ambayo ni kama chingamu, unaifinya iwe na ncha halafu unanyanyulia mkaa badala ya kufuta. Usipoipata, nyama ya mkate mweupe laini usio na siagi, ikande kidogo ugandamize, inafanya kazi ileile, wachoraji walikuwa wanatumia mkate kabla raba hazijawepo. Ongeza kitambaa cha pamba, taa moja, na kioo cha kukuonyesha angalau kichwa na mabega.

Taa na kioo ndo nusu ya picha

Hapa watu wengi wanaharakisha, matokeo yake wanahangaika masaa na uso ambao hauna umbo. Ukiwasha taa ya darini na ya ukutani na dirisha limefunguliwa, mwanga unatoka kila upande, vivuli vinauana, uso unakuwa bapa. Zima zote. Baki na moja tu, iwe pembeni na juu kidogo ya kichwa, kama mchana tumia dirisha moja mengine funga mapazia. Isogeze taratibu huku unajiangalia kwenye kioo mpaka uone hivi: upande mmoja wa uso una mwanga, kivuli cha pua kinashuka kinakutana na kivuli cha shavu, na kwenye shavu la upande wa giza inabaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Ukiiona hiyo pembetatu acha taa hapohapo usiiguse tena. Ni mwanga ambao Rembrandt, yule mchoraji wa zamani wa Uholanzi, aliupenda sana, na Hopper mwenyewe alipopita Amsterdam mwaka 1907 akaiona picha yake Night Watch alibaki mdomo wazi.

Kumbuka na karatasi nayo inahitaji mwanga, sio ukae gizani kama mwizi. Kaa mkao ambao taa ileile inagusa uso na ubao, na kama unachorea mkono wa kulia jitahidi mwanga utoke kushoto, usipofanya hivyo kivuli cha mkono wako kitakuwa kinatembea juu ya mchoro.

Kioo kiweke kwa namna ambayo hugeuzi kichwa, unahamisha macho tu kutoka kioo kwenda karatasi. Hilo ndo la muhimu kuliko yote kwenye kupanga. Ukilazimika kugeuza shingo, kila ukirudi kwenye kioo kichwa kinakaa tofauti kidogo, na baada ya nusu saa una pua ya mkao mmoja na sikio la mkao mwingine. Weka alama ya chaki sakafuni miguu ya kiti ilipo, na kwenye kioo bandika kipande kidogo cha tepu sambamba na ncha ya pua, ukirudi toka kunywa maji unajipanga tena kwa hiyo tepu.

Kuna jambo moja la kioo linachanganya watu. Chukua kipande cha sabuni, funga jicho moja, fuatisha umbo la kichwa chako palepale juu ya kioo kutoka utosini hadi kidevuni, halafu pima. Ni nusu ya kichwa chako! Kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 22 hivi, mchoro wa sabuni utakuta kama 11, na hata ukirudi nyuma hatua mbili bado ni nusu ileile, kwa sababu yule mtu wa ndani ya kioo yuko mbali nyuma ya kioo kama wewe ulivyo mbali mbele yake. Ndo maana wengi wakianza kujichora wanatoa kikichwa kidogo katikati ya karatasi kubwa bila kujua kwanini. Wewe amua saizi mapema, kwenye A3 kichwa cha sentimita 16 mpaka 18 kinakaa vizuri, weka alama ya utosi na alama ya kidevu na hazisogei tena.

Na simu? Najua utasema si nijipige selfi nichore kutoka pale. Selfi inapigwa karibu, urefu wa mkono tu, kwa hiyo pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma, na simu nyingi zinang'arisha vivuli zenyewe bila kuulizwa, yaani kile hasa unachokihitaji ndo inakifuta. Kama lazima picha, mwombe mtu akupige akiwa mita mbili au tatu, avute kwa zuumu. Lakini kioo bado ni bora, kwa kuwa kwenye kioo unaona ndani ya kivuli.

Kuweka vipimo bila kupagawa

Usianze na jicho. Narudia, usianze na jicho, hata likikuvutia vipi. Paka karatasi nzima mkaa mwepesi kwa ubavu wa kijiti, halafu isugue na kitambaa mpaka uwe na kijivu kimoja kilichotulia. Sasa una karatasi ambayo unaweza kwenda pande mbili, ukiongeza mkaa unashuka gizani, ukinyanyua kwa raba unapanda kwenye mwanga.

Chora umbo la yai kwa wepesi, kati ya zile alama zako mbili, ukiinamisha kama kichwa chako kilivyoinama kwenye kioo. Mstari wa macho unapita katikati kabisa ya kichwa, nusu ya urefu, na hapa karibu kila mtu anabisha mpaka apime, kwa sababu tunasahau kuwa paji la uso na nywele nazo ni kichwa. Kati ya jicho na jicho inaingia nafasi ya jicho moja. Sikio linaanzia usawa wa nyusi linaishia usawa wa chini ya pua. Mstari wa mdomo uko theluthi moja ukishuka kutoka chini ya pua kwenda kidevuni. Hivyo ni vipimo vya mtu wa kawaida, wewe sio wa kawaida na hakuna aliye wa kawaida, kwa hiyo nyoosha mkono kabisa, kiwiko kisikunjike, shika penseli wima, funga jicho moja, pima kwenye kioo urefu wa pua yako unaingia mara ngapi kwenye uso, linganisha na karatasi. Pale unapotofautiana na vipimo vya kawaida ndo pale penye sura yako. Mwenye taya pana asijipunguzie taya, mwenye kichogo asijikate.

Kivuli kikubwa kwanza

Sasa finya macho, yaani yawe karibu kufunga, mpaka uso kwenye kioo upoteze maelezo ubaki na vipande viwili tu, cha mwanga na cha giza. Tafuta mpaka wao. Unashuka kutoka kwenye nywele, unapita pembeni ya paji la uso, unaingia kwenye shimo la jicho, unatoka unazunguka pua, unakata mdomo, unaishia chini ya taya na kuingia shingoni, na mara nyingi ni mpaka mmoja mrefu usiokatika. Chora huo mpaka, kisha jaza upande wa giza wote kwa pamoja, jicho na shavu na shingo vyote rangi moja, usiache mwanya. Utaogopa kwa sababu jicho moja litapotea kabisa. Liache lipotee.

Rudi nyuma hatua tatu uangalie. Kama ulipatia vipimo na mpaka, sura yako ipo tayari, bila jicho hata moja kuchorwa. Na kama haipo, usiendelee mbele, kwa sababu hakuna kope nzuri itakayokuja kuokoa kivuli kilichokaa vibaya, rekebisha hapo kwenye vipande vikubwa mpaka mtu wa nyumbani akipita aseme huyu si fulani.

Baada ya hapo ndo unagawa. Ndani ya giza tafuta giza zaidi, kwa kawaida ni chini ya nyusi, tundu la pua, mstari kati ya midomo, chini ya kidevu na pale nywele zinapokutana na shingo. Ndani ya mwanga tafuta mwanga zaidi, nyanyua kwa ile raba ya kukanda, paji la uso, mgongo wa pua, mfupa wa shavu. Sheria moja tu: sehemu yenye mwanga mwingi kabisa upande wa giza iwe bado nyeusi kuliko sehemu yenye giza kabisa upande wa mwanga. Watu wanaivunja kwa kuona kamwanga kadogo kwenye taya, kale kanakorudi kutoka ukutani au kwenye shati, wanakang'arisha mpaka uso unaonekana umepakwa mafuta pande mbili. Kape mwanga kidogo sana.

Macho, kwa kuwa najua unayasubiri

Jicho ni mpira uliokaa ndani ya shimo, na kilichoufunika juu ni kope yenye unene. Ukisogea karibu na kioo utaona kope ya juu inaangusha kivuli kwenye mpira, kwa hiyo ile sehemu nyeupe hapo juu sio nyeupe hata kidogo, ni kijivu, na upande wa giza ni kijivu kizito. Makosa karibu yote ya macho yanatoka hapa, mtu anaacha karatasi nyeupe pembeni ya mboni, macho yanamtoka kama ameona jini. Paka weupe wa jicho kijivu kwanza, kisha mboni, na mboni iguse kope ya juu, hata ikatwe kidogo nayo, isikae katikati ikielea kama kitufe. Kope ya chini usiichore kwa mstari, ina ukingo mwembamba unaopokea mwanga, ukiuacha huo ukingo uwe mwepesi kidogo kuliko unaouzunguka jicho linakaa ndani ya kichwa. Yale manyoya ya kope usiyahesabu, mkwaruzo mmoja mnene kwenye kope ya juu unatosha. Kidoa cha mwanga kwenye mboni ndo cha mwisho kabisa, kimoja, kidogo, upande taa ilipo, na jicho la gizani ama halina au kake ni hafifu mno.

Pua usiizungushie mstari. Chora kivuli cha chini yake na kivuli inachoangusha juu ya mdomo, basi, mgongo wake utajionyesha wenyewe kwa mwanga. Mdomo vilevile, wa juu mara nyingi uko kivulini kwa kuwa umeelekea chini, wa chini unapokea mwanga, na chini yake kuna kakivuli kanakoubeba. Kona za mdomo zibonyeze kwa kidole zilainike, ukizichora kali unatoka umetabasamu kwa lazima.

Kuhusu ngozi nyeusi. Maelekezo mengi utakayoyakuta yameandikwa kwa ngozi nyeupe, na mtu mweusi akiyafuata anajichora amepauka, halafu akistuka anaupaka uso wote mkaa mpaka unakuwa ukuta. Ngozi yetu haina mweusi mwingi tu, ina mng'ao mwingi, mwanga unadunda kwenye paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu na mdomo wa chini kwa ukali kuliko kwenye ngozi nyeupe, na kati ya mng'ao na kivuli kuna safari ndefu. Kwa hiyo shusha ngazi yote chini: kijivu chako cha katikati kiwe kizito zaidi, weupe wa karatasi uutunze kwa sehemu tatu nne tu, hata kola ya shati iache iwe nyeupe kuliko uso ili jicho la mtazamaji lipate kipimo. Hapa ndo kaki inapong'ara. Rangi ya karatasi yenyewe inakuwa ngozi yenye mwanga wa kawaida, mkaa unashuka kwenye kivuli, chaki nyeupe ya ubaoni iliyochongwa unagusa pale penye mng'ao tu. Ila chaki na mkaa visikutane, vikichanganyika vinatoa kijivu cha baridi cha kama ugonjwa, acha kaki ipite katikati yao. Na ujue kaki haidumu, baada ya miaka inakuwa kahawia na kukatika, ni ya mazoezi.

Nini cha kuacha

Kwa maoni yangu ubora wa Hopper uko kwenye alivyoviacha kuliko alivyovichora, hata kwenye michoro mikubwa ya baadaye. Angalia picha yake ya rangi ya kujichora ya 1925 mpaka 1930, ipo Whitney Museum kule New York: kofia, koti la kahawia, shati la bluu na tai, nyuma yake ukuta na mlango, hakuna brashi wala rangi wala kitu chochote cha kukwambia huyu ni msanii. Ungekutana naye kwenye treni ungedhani karani. Wachoraji wengi wakijichora wanataka uwajue kwa joho na brashi, yeye kavaa kama anatoka kazini. Kwa hiyo na wewe vaa unachovaaga. Kofia nakushauri sana, ukingo wake unaangusha kivuli kimoja kizuri juu ya macho na unakuondolea shida ya nywele, ambazo wanaoanza huzichora unywele kwa unywele mpaka usiku.

Shati, mabega na nyuma yako vipe mistari michache ya haraka, wacha viishie hewani. Mkali uwe sehemu moja tu, kwa kawaida jicho la upande wa mwanga na ubavu wa pua, kwingine kote kulegee. Nyuma ya upande wa mwanga paka giza kidogo, nyuma ya upande wa kivuli acha pepesi, uso utatoka mbele wenyewe.

Kitu kingine, utaonekana umenuna. Usihangaike. Mtu akijikodolea macho kwenye kioo saa nzima, nyusi zinakaza, mdomo unafunga, ndo maana picha nyingi za kujichora zina watu wakali. Thomas Eakins, mchoraji mwingine wa Marekani, alipochaguliwa National Academy of Design, chama cha wasanii kule New York, mwaka 1902 alitakiwa kupeleka picha yake mwenyewe kama utaratibu wao ulivyokuwa, na sura aliyopeleka ni ya mtu aliyechoka na kila kitu. Ukitaka kulegeza, kila baada ya dakika ishirini simama, nawa uso, ongea na mtu, halafu chora mdomo na nyusi dakika chache za kwanza ukirudi kabla hazijakaza tena.

Kumaliza na kutunza

Mkaa wa vijiti hauna gundi, ukiupuliza unapaa. Kuna dawa maalum ya kupulizia ya kuushika, na wengi wanatumia spreyi ya nywele, inashika kweli ila karatasi inaweza kuja kuwa ya njano baadaye, kwa mazoezi sio mbaya. Simama mbali kama mkono mmoja, nje penye hewa, puliza kidogokidogo mara kadhaa uache ikauke katikati, ukilowesha mara moja mweusi unatiririka. Kabla ya kupuliza malizia ule mkaa ulioshindiliwa, sehemu mbili tatu tu zenye giza kuliko zote. Baada ya hapo funika na karatasi nyembamba laini, weka palipo bapa, usikunje.

Pembeni ya karatasi andika tarehe, saa, taa ilikuwa upande gani. Hopper kwenye skechi zake za maandalizi alikuwa anaandika majina ya rangi juu ya mchoro wenyewe, huu mwanga hivi, ule ukuta vile, hakuiamini kumbukumbu. Na alizitunza: mke wake Josephine Nivison, naye mchoraji, waliyeoana 1924, ndiye aliyeiachia Whitney kazi zaidi ya 3,000 za mumewe baada ya wote wawili kufariki, na humo kuna michoro mingi ambayo haikuwahi kukusudiwa kuuzwa. Kwa hiyo ile mbaya ya leo usiichane. Whitney hiyohiyo ina michoro aliyojichora 1945, chaki na mkaa, akiwa na miaka sitini na kitu, na ukiziweka kwenye skrini pembeni ya ile ya 1903 unaona mtu yuleyule kapoteza nywele na kapunguza mbwembwe, vivuli vimekuwa vichache na vya uhakika zaidi.

Faida ya kujichora kwa Hopper haikuishia kwenye sura yake tu. Wakati anaandaa Nighthawks wale wanaume wawili wateja kwenye kaunta alijichora mwenyewe kupitia kioo, na mwanamke alikaa Jo, yaani huyo mkewe Josephine. Yaani ukishaizoea sura yako unakuwa na modeli wa bure wa kumgeuza mtu yeyote, mwongezee kofia, mshushe mabega, mgeuze mgongo.

Ukimaliza uso, kabla hujatoa taa na kioo, chora na mkono ambao hauchorei. Hopper akiwa kijana alichora mkono wake wa kushoto tena na tena kwa wino, umefunguka, umefumba, umeshika kitu, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kazini. Uweke kwenye mwanga uleule, finya macho, tafuta mpaka wa giza kama ulivyofanya usoni. Kucha usizichore mpaka vidole vikae.